Paul Robeson: Mwigizaji aliyepokonywa jukwaa

KATIKA studio za Shepperton, nje kidogo ya jiji la London, kulijengwa mnamo 1934 kijiji cha Kiafrika chenye vibanda vya nyasi na uwanja wa ngoma. Watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, wakiwemo mabaharia na vibarua wa bandarini pamoja na wanafunzi, waliajiriwa kuvaa ngozi na manyoya ili wajaze umati mbele ya kamera. Miongoni mwao alikuwemo mwanamume mmoja kutoka Kiambu aliyekuwa akiishi kwa taabu jijini humo, na ambaye ujira wa kazi hiyo ulimfaa sana. Jina lake wakati huo lilikuwa Johnstone Kenyatta. Miaka 29 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya, na mwaka uliofuata akawa Rais wake wa kwanza.

Filamu iliyokuwa ikitengenezwa iliitwa Sanders of the River, na nyota wake alikuwa Mmarekani mweusi, pande la mtu mwenye kimo cha futi sita na inchi tatu na sauti nzito iliyokwisha kujulikana kote Ulaya. Huyo alikuwa Paul Robeson. Filamu hiyo ilimletea sifa na fedha, kisha ikamletea aibu ambayo hakuisahau maisha yake yote. Anayetaka kuelewa ni kwa nini mwigizaji aliyesifiwa kuwa miongoni mwa wakuu wa karne ya 20 alikuja kunyimwa jukwaa, redio, televisheni na hata pasipoti katika nchi yake mwenyewe, hana budi kuizingatia filamu hiyo. Hata hivyo, kisa chenyewe kinaanza mbali zaidi, katika shamba la watumwa.

Paul Leroy Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, akiwa kitindamimba. Babaye, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka akiwa na umri wa miaka 15, akasoma hadi akawa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri. Mamaye, Maria Louisa, alifariki mnamo 1904 kutokana na majeraha ya moto aliyoyapata katika ajali ya nyumbani. Paul alikuwa hajatimiza miaka sita. Aliyemlea ni mzee huyo ambaye aliwahi kupoteza kanisa lake na kulazimika kuzoa majivu kwa mkokoteni ili watoto wapate chakula, na ambaye hakuvumilia mwanawe alete nyumbani alama pungufu ya zile za juu kabisa.

Mnamo 1915 kijana huyo alishinda nafasi ya kusomeshwa bila malipo katika Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi wa tatu mweusi katika historia ya chuo hicho. Alipojitokeza kuchezea timu ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa nguvu unaokaribiana na raga, wachezaji wenzake walimkanyaga na kumvunja pua ili ajiondoe. Hakujiondoa. Mnamo 1917 na 1918 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima, na mnamo 1919 alihitimu akiwa ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba ya kuwaaga wenzake. Kisha alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akilipa karo kwa kucheza kandanda ya kulipwa, na kumaliza mnamo 1923.

Uanasheria wake haukudumu. Aliajiriwa na kampuni moja ya mawakili jijini New York, na siku moja karani mzungu alikataa kuandika maneno yake kwa imla kwa sababu ya rangi yake. Robeson alichukua kofia yake akaondoka, wala hakurudi tena kwenye kazi ya uwakili.

Jukwaa lilikuwa tayari likimsubiri. Mkewe, Eslanda Goode, aliyemwoa mnamo 1921, alikuwa mwanasayansi katika maabara ya hospitali, na ndiye aliyemsukuma kuigiza wakati yeye mwenyewe aliuona uigizaji kuwa mchezo tu. Tangu akiwa mwanafunzi alikuwa ameshiriki michezo kadhaa midogo huko Harlem, na mnamo 1922 akasafiri hadi Uingereza kuigiza kwa muda mfupi. Lakini hatua iliyoyageuza maisha yake ilitokea mnamo 1924, wakati kundi la Provincetown Players la New York lilipomchagua kuwa mhusika mkuu katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill.

Tamthilia ya kwanza, All God's Chillun Got Wings, ilihusu ndoa ya mwanamume mweusi na mwanamke mzungu. Hata kabla ya pazia kufunguliwa, magazeti yalikuwa yamewasha moto. Lililowakera watu zaidi lilikuwa tendo moja dogo katika mchezo huo, pale mwigizaji mzungu, Mary Blair, anapoubusu mkono wa mumewe mweusi. Vitisho vilimiminika. Ofisi ya meya ilikataa kutoa kibali cha watoto kushiriki onyesho la kwanza, ambamo watoto weusi na weupe hucheza pamoja barabarani. Usiku wa ufunguzi, mwelekezi James Light alitoka mbele ya pazia na kulisoma onyesho hilo kwa sauti, kisha mchezo ukaendelea kutoka hapo. Ghasia zilizotabiriwa hazikutokea. Watazamaji walirudi nyumbani wakiizungumzia sauti ya kijana huyo.

Tamthilia ya pili ilikuwa The Emperor Jones, kuhusu mfungwa aliyetoroka na kujitawaza mfalme katika kisiwa kimoja. Dhima hiyo ilikuwa imeasisiwa na mwigizaji mwingine mweusi, Charles Gilpin, mnamo 1920. Gilpin aligombana na O'Neill kwa sababu alikuwa akiyaruka au kuyabadilisha maneno ya matusi dhidi ya watu weusi yaliyojaa katika mchezo huo. Robeson aliyatamka jinsi yalivyoandikwa. Katika miaka hiyo aliamini kwamba msanii mweusi akifanya kazi yake vizuri kupita wote, ubaguzi ungeyeyuka wenyewe kama barafu juani. Siyo haki kumlaumu, kwani wengi wa kizazi chake waliamini hivyo, lakini linalofaa kukumbukwa ni kwamba Gilpin aliuona mtego huo mapema, na akafa masikini mnamo 1930.

Mwaka wa 1925 ulikuwa na mambo mengi. Mnamo Aprili, Robeson na mpiga piano Lawrence Brown walifanya tamasha la nyimbo za kiroho za watumwa pekee, nyimbo ambazo waimbaji waliosomea kumbi za kifahari walizionea haya. Mwaka huo huo alionekana katika filamu yake ya kwanza, Body and Soul, iliyotengenezwa na Oscar Micheaux, mwelekezi mweusi aliyetengeneza filamu zake bila msaada wa Hollywood. Humo Robeson aliigiza watu wawili: mhalifu anayejifanya mchungaji, na kaka yake aliye mwema. Ni filamu bubu, na kuna kinaya katika jambo hilo, kwamba sauti iliyokuja kutikisa dunia iliingia katika sinema ikiwa kimya.

Kisha alihamia London. Mnamo 1928 aliigiza Joe katika Show Boat kwenye ukumbi wa Drury Lane, na wimbo wa Ol' Man River ukawa wake kiasi kwamba hata leo wengi hawajui kuwa uliandikwa na Jerome Kern na Oscar Hammerstein. Maneno yake ya mwanzo yalikuwa ya mtu mweusi aliyechoka, asiyetarajia lolote ila mto uendelee kutiririka. Katika miaka ya baadaye Robeson aliyabadilisha, akaondoa tusi, na pale palipokuwa na kukata tamaa akaweka kupigana. Anayesikiliza rekodi zake kwa kufuata miaka atayasikia mabadiliko hayo yakitokea.

Uingereza ilimpokea kwa mikono miwili, lakini haikuwa pepo. Mnamo 1929 alikataliwa kuhudumiwa katika mkahawa mmoja mashuhuri jijini London kwa sababu ya rangi yake. Mwaka uliofuata, Mei 1930, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Savoy kuigiza Othello wa Shakespeare. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa mzungu kujipaka rangi nyeusi ili amwigize jemadari huyo Mwafrika. Mtu mweusi aliyewahi kuing'arisha dhima hiyo mbele ya Waingereza ni Ira Aldridge, Mmarekani wa karne ya 19. Bintiye, Amanda, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa sauti jijini London, alimfunza Robeson na kumpa vipuli ambavyo babaye alivivaa alipomwigiza Othello. Desdemona aliigizwa na Peggy Ashcroft, msichana wa miaka 22, aliyepata barua za chuki kwa kukumbatiwa na mtu mweusi jukwaani.

Mnamo 1933 alirudi New York kwa muda kuigiza filamu ya The Emperor Jones. Humo kuna kisa kinachoonyesha hali ilivyokuwa. Mwigizaji mwenzake, Fredi Washington, alikuwa mwanamke mweusi mwenye ngozi nyeupe sana. Wakuu wa filamu walihofia kwamba watazamaji wangedhani Robeson anamkumbatia mzungu, hivyo wakamfanya bibi huyo apakwe vipodozi vya kumtia weusi na sehemu zake zikapigwa upya.

Ilikuwa jijini London, wala si Harlem, ambako Robeson aliigundua Afrika. Alikutana na mabaharia kutoka pwani ya magharibi ya bara hili, wanafunzi, na vijana waliokuja kuwa viongozi. Mnamo 1934 alijiandikisha katika chuo ambacho leo kinaitwa SOAS kujifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Eslanda naye alisomea elimu ya jamii na tamaduni za binadamu, na mnamo 1936 akasafiri na mtoto wao hadi Afrika Kusini na Uganda, safari aliyoiandikia kitabu. Robeson alieleza mara nyingi kuwa lugha hizo zilimfunua macho: aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Mwafrika hana ustaarabu, alikuta sarufi pana, methali na muziki uliofanana na nyimbo za kanisa la babaye.

Kwa mtu aliyekuwa katika hali hiyo ya moyo, mwaliko wa Sanders of the River ulikuwa kama asali. Zoltan Korda, mwelekezi, alikuwa amesafiri barani Afrika kwa miezi kadhaa akipiga picha za ngoma na kurekodi nyimbo. Robeson alizisikiliza akafurahi mno. Aliamini kwamba kwa mara ya kwanza sinema ingeuonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima, naye angekuwa Bosambo, chifu mwenye hekima. Katika studio alitumia muda wake akizungumza na Waafrika waliojaza umati, akilinganisha maneno ya lugha zao.

Filamu ilipokamilika mnamo 1935 ilikuwa kitu kingine. Hadithi yake, iliyotokana na vitabu vya Edgar Wallace, inamhusu Sanders, afisa wa kikoloni nchini Nigeria anayetawala umati wa watu kwa neno moja. Sanders anapoondoka likizoni, vita vinazuka. Sanders anaporejea, amani inarudi. Bosambo, pamoja na misuli na sauti yake yote, ni mtoto mtiifu anayetuzwa ufalme na bwana wake. Zile ngoma alizozipenda Robeson zilibaki kama pambo, na filamu yenyewe ilitolewa kwa kuwasifu wazungu wachache waliotawala mamilioni.

Wafuasi wake Waafrika na Wamarekani weusi walikasirika. Robeson mwanzoni alijaribu kujitetea, kisha akaacha kujitetea na kuikana filamu hiyo hadharani, akikiri kuwa alikuwa amekosea. Siyo mwigizaji pekee aliyewahi kudanganyika kuhusu filamu anayoitengeneza, kwa kuwa mwigizaji huona kipande chake tu, na anayekata na kuunga vipande ndiye huamua hadithi inasema nini. Ila wengi huchukua malipo yao wakanyamaza. Robeson alianza kudai haki ya kuidhinisha filamu kabla ya kutolewa, na akaipata katika Song of Freedom ya 1936.

Inafaa kuongeza kuwa mwaka ule ule wa 1935, Kenyatta alikuwa jijini humo humo akishirikiana na C.L.R. James, mwandishi kutoka Trinidad, katika chama cha kuitetea Abyssinia iliyokuwa ikitishwa na kisha kuvamiwa na Italia ya Mussolini. Machi 1936, Robeson alipanda jukwaani katika ukumbi wa Westminster kuigiza Toussaint Louverture, mtumwa aliyeongoza mapinduzi ya Haiti. Tamthilia hiyo iliandikwa na James huyo huyo. Ilichezwa mara mbili tu, lakini ni vigumu kufikiria umbali mkubwa zaidi ya ule uliopo kati ya Toussaint na Bosambo.

Filamu zilizofuata zinaweza kupitiwa haraka. Show Boat ya Hollywood ya 1936 ni nzuri na bado inatazamika, ingawa Joe wake ni mvivu wa kuchekesha kama Hollywood ilivyotaka. King Solomon's Mines na Jericho za 1937 zina sauti yake nzuri na hadithi hafifu. Jericho ilimpeleka Misri kupiga picha. Aliyoipenda zaidi ni The Proud Valley ya 1940, kuhusu baharia mweusi anayefanya kazi na wachimba makaa wa Wales. Humo wachimba migodi wanamkubali kwanza kwa sauti yake katika kwaya, kisha kwa kuwa chini ya ardhi kila uso ni mweusi. Mwaka wa 1942 aliigiza katika Tales of Manhattan, akaona watu weusi wameonyeshwa tena kama wajinga wenye kuimba tu, akatangaza kuwa ameachana na Hollywood. Hakuigiza filamu ya hadithi tena. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Kati ya hapo dunia ilikuwa imembadilisha. Mnamo Juni 1937, katika mkutano wa kuwachangia watoto wakimbizi wa Uhispania uliofanyika Royal Albert Hall, alisema waziwazi kwamba msanii hana njia ya kukaa kando, bali ni lazima achague kati ya uhuru na utumwa, na kwamba yeye amechagua. Mwanzoni mwa 1938 alikwenda Uhispania kuwaimbia wapiganaji waliokuwa wakipambana na Jenerali Franco. Jijini London alikataa dhima za kumbi kubwa akaigiza na kundi la wafanyakazi la Unity Theatre, ambako majina ya waigizaji hayakutangazwa.

Kilele cha kazi yake kilikuwa Oktoba 19, 1943. Usiku huo, katika ukumbi wa Shubert jijini New York, alikuwa Othello wa kwanza mweusi katika Broadway akizungukwa na waigizaji wazungu. Mwelekezi alikuwa Margaret Webster, Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago. Watayarishaji wengi walikuwa wamelikimbia wazo hilo, wakihofia kwamba Wamarekani hawangevumilia kumwona mtu mweusi akimbusu na hatimaye kumuua mke mzungu. Ilibidi mchezo ujaribiwe kwanza Cambridge, Massachusetts, mnamo 1942. Wanafunzi wa huko waliposhangilia, milango ilifunguka. Broadway iliutazama mara 296, na hadi leo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyovunja rekodi hiyo huko.

Robeson hakumwigiza Othello kama mtu anayetawaliwa na wivu wa kinyama, jinsi wengi walivyozoea. Kwake, huyu alikuwa mgeni mwenye heshima katika jamii ya wazungu inayomhitaji vitani na kumdharau sebuleni, na kilichomvunja ni kuguswa kwa heshima hiyo. Mtu aliyekwisha kukataliwa mezani katika mkahawa hakuhitaji kufundishwa hayo. Kundi hilo lilipozunguka nchini, sharti lake lilikuwa moja: hakuna kuigiza mahali ambapo watazamaji wanatengwa kwa rangi. Mnamo 1944 alitunukiwa nishani ya dhahabu na chuo cha wanasanaa wa Marekani kwa ufasaha wa matamshi.

Kutoka kilele hicho aliporomoshwa, na kuporomoshwa kwenyewe hakukuchukua muda mrefu. Mnamo 1946 aliongoza ujumbe kwa Rais Harry Truman kudai sheria dhidi ya mauaji ya watu weusi kwa kunyongwa na makundi ya wazungu. Walijibizana, na akaondoka mikono mitupu. Tangu mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa kile kilichokuja kuwa Baraza la Masuala ya Afrika, lililodai uhuru wa makoloni wakati ambapo Wamarekani wengi hawakujua Kenya iko wapi. Serikali ililiweka baraza hilo kwenye orodha ya vyama vya kutiliwa shaka.

Mwezi Aprili 1949, jijini Paris, alihutubia kongamano la amani. Shirika moja la habari lilimnukuu akisema kwamba Wamarekani weusi hawangepigana dhidi ya Muungano wa Kisovieti. Maneno yaliyochapishwa hayakuwa yale aliyoyatamka, lakini maji yalikuwa yamemwagika. Bunge lilimwita hata Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli aliyeheshimiwa na wengi, ampinge hadharani. Mnamo Agosti, tamasha lake karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York, lilivamiwa na kuvunjwa. Septemba 4 aliimba huku walinzi wakiwa wamemzunguka, na watazamaji walipokuwa wakitoka, magari na mabasi yao yalipigwa mawe. Zaidi ya watu 140 walijeruhiwa.

Machi 1950, kituo cha NBC kilifuta mpango wa kumshirikisha katika kipindi cha televisheni cha Eleanor Roosevelt. Miezi michache baadaye, Wizara ya Mambo ya Nje ikaifuta pasipoti yake. Kumbi zilimfungia, maduka yakaondoa santuri zake, na mapato yake, yaliyozidi dola 100,000 mnamo 1947, yakashuka hadi elfu chache. Katika baadhi ya vitabu vya kumbukumbu za michezo, hata jina lake liliondolewa kwenye orodha za wachezaji bora wa 1917 na 1918.

Watu wengi hudhani kwamba kosa lake lilikuwa Ukomunisti peke yake. Hata hivyo, katika hoja zilizowasilishwa mahakamani, mawakili wa serikali walitaja kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika, na kwamba kumruhusu asafiri kungeitia nchi aibu ya kidiplomasia. Yale aliyojifunza jijini London akiwa na mabaharia na wanafunzi sasa yalikuwa mashtaka. Mnamo Juni 1953, miezi miwili baada ya hukumu ya Kapenguria, aliandika katika gazeti lake la Freedom jinsi alivyoigundua Afrika, na katika orodha ya Waafrika aliowafahamu Uingereza akamtaja Kenyatta, aliyefungwa kwa kuongoza harakati za uhuru wa Kenya. Huyo alikuwa yule yule aliyesimama naye katika kijiji bandia cha Shepperton.

Wanaompenda Robeson hupata taabu wanapofika kwenye suala la Stalin. Alizuru Muungano wa Kisovieti kwa mara ya kwanza mnamo Desemba 1934 na akasema huko alijihisi binadamu kamili. Nchi hiyo haikumsahau, naye hakuisahau. Alipokea tuzo ya amani iliyopewa jina la Stalin, na hata baada ya maovu ya utawala huo kufichuliwa mnamo 1956 hakuyalaani hadharani. Mwandishi wa makala haya haoni njia ya kulifanya jambo hilo lisiwe doa. Inawezekana kulieleza, kwamba hakutaka kuwapa silaha waliokuwa wakimkaba shingo, lakini kueleza siyo kusafisha.

Alipofungiwa ndani, aliwafikia watu kwa njia nyingine. Mei 18, 1952 aliimba akiwa juu ya lori kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, maelfu ya wasikilizaji wakiwa wamesimama pande zote mbili. Mwaka wa 1957 aliimba kwa simu iliyopita chini ya bahari hadi London, na Oktoba mwaka huo hadi kwa wachimba migodi wa Wales waliokusanyika Porthcawl. Juni 12, 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Wawakilishi. Mbunge mmoja alipomuuliza kwa nini hakubaki Urusi, alijibu kwamba babaye alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa wakiijenga nchi hiyo, na kwamba hakuna yeyote atakayemfukuza humo.

Mahakama ya Juu iliamua katika kesi nyingine mnamo Juni 1958 kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa. Robeson alirudishiwa yake baada ya miaka minane. Aprili 1959 alimwigiza Othello kwa mara ya mwisho, safari hii katika mji wa Shakespeare mwenyewe, Stratford-upon-Avon, akiwa na umri wa miaka 61. Sauti ilikuwa bado ipo, lakini mwili ulikuwa umechoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya huzuni. Jijini Moscow mnamo 1961 alijaribu kujiua. Alipelekwa London, ambako alipewa matibabu ya mshtuko wa umeme mara nyingi, na hakurejea tena katika hali yake ya zamani. Alirudi Marekani Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata uhuru. Eslanda alifariki mnamo Desemba 1965, naye akahamia Philadelphia kwa dada yake, Marian, ambako aliishi kimya. Ukumbi wa Carnegie ulipojaa mnamo 1973 kuadhimisha miaka 75 ya maisha yake, hakuweza kufika, akatuma ujumbe uliorekodiwa. Alifariki Januari 23, 1976. Ibada yake ya mazishi ilifanyika Harlem, katika kanisa lililowahi kuongozwa na kaka yake.

Sifa zilirudi taratibu. Filamu fupi kumhusu, iliyosimuliwa na Sidney Poitier, ilishinda tuzo ya Oscar mnamo 1980. Jumba la heshima la kandanda ya vyuo lilimpokea mnamo 1995, na mnamo 2004 uso wake ukachapishwa kwenye stempu ya posta ya Marekani. Kuhusu Othello wa 1943, hakuna aliyelipiga filamu onyesho lile zima. Kilichopo ni sauti zake na za wenzake zilizorekodiwa kwenye santuri mnamo 1944. Sanders of the River ingalipo yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Bosambo wake angali anapiga makasia na kuimba.